Ile "Na" ya Pili

Limi, mwanangu,

Nimewafundisha watoto wa watu kuandika barua kwa miaka mingi, na kila mara niliwaambia waanze kwa kumjulia hali wanayemwandikia. Leo nashindwa kulifuata somo langu mwenyewe. Uko chumba cha pili na Zulfa, nasikia mnavyocheka, na mama yako ameshawagongea ukuta akisema mabegi hayajifungi yenyewe. Sina haja ya kuuliza kama u mzima. Nasikia kwamba u mzima.

Mambo ya safari sitayagusa. Mama yako amekueleza habari za maji, za simu, za kutoachana na begi pale basi linaposimama watu wale, na za shangazi yako wa Dar es Salaam ambaye ukichelewa kumwamkia ataikumbuka siku hiyo mpaka ufunge ndoa. Nikirudia nitaharibu. Mimi nina jambo moja, na ni dogo sana, herufi mbili tu. Lakini unanijua. Jambo la herufi mbili nitalizungusha kurasa kadhaa kabla sijalitua chini. Barua hii nitaiweka juu ya begi lako. Naomba uisome kesho kabla hujatoka nyumbani, usingoje kufika ndani ya basi. Utaona sababu.

Unakumbuka kile kitabu chembamba cha jalada la kijani? Ulikuwa mdogo, ndiyo kwanza unaanza kusoma bila kufuatisha kwa kidole. Ulinijia uani umekishika kwa mikono miwili, umekasirika kwa niaba yangu. Ukasema, "Baba, nani amechafua kitabu chako?" Kwenye jalada palikuwa pamechapwa: *Uani kwa Mama Mkwe. Kimetungwa na Rajabu.* Chini yake, kwa kalamu ya bluu, kwa mwandiko uliokuwa ukipanda kilima kama sisimizi, mtu alikuwa ameongeza: *na Doto.*

Nikakujibu, "Hakijachafuliwa, mwanangu. Kimesafishwa."

Ukanitazama kama mtu anavyomtazama mlevi, ukakirudisha kabatini. Nilikuahidi kwamba ukikua nitakueleza. Umekua.

Nianzie kwenye jina langu, maana kosa langu lilianzia humo. Wewe unajua kwamba sisi Wasukuma tukizaliwa mapacha, anayetangulia ni Kulwa na anayefuata ni Doto. Baba yako mkubwa wa Chato alinitangulia. Tangu nikiwa mtoto, kila niliyemtajia jina langu aliniuliza swali lile lile: "Kulwa wako yuko wapi?" Hakuna aliyewahi kusikia "Doto" akaridhika. Jina lenyewe linamdai mwenzake. Sasa nikiwa mtu mzima naliona ni jina la baraka, lakini utotoni lilinifundisha tabia moja mbaya iliyojifanya adabu. Nilizoea kuwa wa pili. Kikija kitu kizuri nilisema, "Mpeni Kulwa kwanza," watu wakanisifu kwa moyo mzuri, nami ndani nikawa nasubiri mtu aseme, "Hapana, Doto, na wewe chukua." Kulwa mwenyewe, Mungu amweke, alikuwa akisema hivyo kila mara. Kwa hiyo sikugundua kwamba ninacheza mchezo ambao si kila mtu anaujua.

Na nyumbani kwetu kijijini mchezo huo ulichezwa na wote. Mgeni akikaribishwa chakula husema, "Nimeshiba." Anakaribishwa tena, anasema alikula huko atokako. Akikaribishwa mara ya tatu ndipo ananawa mikono, na hapo anakula kweli kweli. Bibi yako alikuwa akisema kwamba mtu aliyekaribishwa mara moja amefukuzwa kwa adabu.

Baba Zulfa hakukulia huko. Huyu Baba Zulfa unayemjua, anayekuja kutoka Nyahanga na kumaliza ugali wa mama yako huku akilalamika kwamba ni mgumu, alikulia Nzega, dukani kwa baba yake, kati ya majora ya vitambaa. Pale mteja akisema "sitaki", kitambaa kinakunjwa na kurudi kwenye rafu, na hakuna anayenuna. Neno lilikuwa neno.

Tulikutana tukiwa walimu vijana, yeye Rajabu na mimi Doto, katika shule moja kandokando ya machimbo, upande wa Geita. Makarasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, yalikuwa yakinguruma mchana kutwa, na mwalimu aliyetaka kusikika ilimbidi afundishe kama anayehubiri. Watoto wetu walitoka kila pembe ya nchi, kwa maana baba zao walifuata dhahabu, na wengi wao walikuwa wakihama kabla hujajua majina yao vizuri. Tukasema tuwatungie igizo la siku ya wazazi, angalau wacheke pamoja mara moja kabla hawajatawanyika.

Hadithi ilikuwa ya mchimbaji aliyeota kwamba dhahabu yote ya nchi imelala uani kwa mama mkwe wake. Anakwenda kuchimba duara pale pale, shimo la kumeza mtu mzima, na kwa kuwa mila haimruhusu kumtazama mama mkwe usoni, mazungumzo yao yote anayafanya akimwelekea kuku. Unaweza kufikiria. Mimi mpaka leo nikikumbuka nacheka peke yangu.

Nikueleze tulivyofanya kazi, maana wewe na Zulfa mnafanya vile vile na huenda hamjui. Rajabu hawezi kutunga akiwa amekaa. Alitembea chumbani, mara yeye ni mkwe, mara ni mama mkwe, mara ni kuku. Mimi nilikaa na kalamu. Nilichagua, nikakata, nikahamisha, nikamwambia, "Huyu asiingie sasa, aingie wakati mwenzake ameshajichimbia kiunoni." Umewaona watu wakiosha dhahabu kwenye karai. Mmoja anamwaga maji, mwingine anatikisa. Punje ikianza kung'aa, ukiuliza ni nani aliyeitoa, wote wawili watakuwa na jibu, na wote wawili watakuwa wamesema kweli.

Kuna sehemu iliyowavunja watu mbavu kuliko zote. Mkwe yuko ndani ya shimo, jasho linamtoka, na mama mkwe anachungulia kutoka juu na kumwambia kuku, "Mwambie huyo mwanaume achimbe tu. Akimfikia jogoo wangu niliyemzika hapo, amwamkie. Ni mdogo kwake kwa umri, lakini alikuwa na akili zaidi." Kwa miaka mingi mimi niliapa kwamba maneno hayo niliyatunga mimi. Rajabu aliapa kwamba ni yeye.

Naandika hapa, mama yako amepita nyuma yangu na kusoma begani. Amesema, "Jogoo alikuwa wa bibi yangu."

Nimemwambia, "Najua, nafika huko."

"Alikufa kwa kideri, bibi akakataa aliwe. Niliwaambia wote wawili pale zahanati, mkacheka mpaka mgonjwa akaamka. Halafu mkagombania jogoo asiye wenu."

Amekwenda zake. Ni kweli tupu. Wakati huo mama yako alikuwa muuguzi kwenye zahanati ya pale, nami nilikuwa nimeshapeleka posa. Jambo la jogoo nitalirudia.

Igizo lilichezwa, watu wakacheka, likachezwa tena shule za jirani. Mwishowe mchapishaji mmoja wa Mwanza akasema yuko tayari kulitoa kama kijitabu cha shule. Rajabu ndiye aliyekuwa na nafasi ya kupeleka mswada. Nilimsindikiza stendi. Amekaa dirishani, bahasha mapajani, konda ameshaanza kupiga bati, akachungulia na kuniuliza:

"Mwalimu, kwenye jalada tunaandikaje?"

"Weka lako tu."

"Na lako?"

"Aa, mimi nilikuwa naandikaandika tu. Maneno yako, miguu yako, safari yako. Weka lako."

"Una uhakika?"

"Kabisa."

"Haya," akasema, na basi likaondoka.

Limi, hilo "haya" nililisikia masikioni muhula mzima. Nilisimama pale stendi kama mgeni aliyesema ameshiba na sahani ikaondolewa kweli. Nilikuwa nimekataa mara moja tu! Kwetu hakuna anayehesabiwa amekataa kwa mara moja.

Kitabu kilipokuja kilikuwa kama ulivyokiona, isipokuwa bila ile kalamu ya bluu. *Kimetungwa na Rajabu.* Alinipa nakala yangu akiwa na furaha ya mtoto. Nikasema, "Hongera sana, Mwalimu." Kisha nikaanza kununa. Na nikwambie, mtu mwenye adabu akinuna ni hatari kuliko mwenye hasira, kwa sababu hakuna pa kumshika. Nilimwamkia kila asubuhi. Nilimwazima chaki. Lakini jioni sikwenda tena kwake, na akija kwangu nilikuwa na madaftari ya kusahihisha. Alikuja na wazo la igizo jipya, nikamwambia ni zuri, aliandike. Alisimama mlangoni kidogo, kisha akaondoka. Tulikuwa tunakaribia kuupoteza urafiki huu ambao wewe umeukuta ukadhani umekuwapo siku zote kama ukuta wa nyumba. Ulikuwa umebakiza tofali moja kuanguka, na aliyekuwa akilichomoa ni mimi.

Nilimweleza mama yako, nikitarajia anionee huruma. Akaniuliza, "Ulimwambia aweke jina lake?"

"Nilisema tu."

"Sasa yeye afanyeje, akapige ramli ajue ulichomaanisha?"

Nikavuta madaftari yangu. Yeye hakuishia hapo. Alikwenda mwenyewe kwa Rajabu akamwambia, "Rafiki yako amenuna." Rajabu akauliza, "Kwa nini?" Mama yako akamjibu, "Kwa sababu ulimtii."

Siku iliyofuata ilikuwa Jumamosi. Rajabu alikuja kwangu mchana, ameweka kwenye baiskeli boksi zima la vijitabu, nakala alizokuwa amepewa azisambaze. Hakubisha hodi vizuri. Aliingia, akaliweka boksi mezani.

"Doto, unajua kununa, lazima nikusifu. Muhula mzima nimedhani una malaria isiyopona."

Nikaanza kusema hapana, hakuna kitu, mimi sijali. Akaninyamazisha kwa mkono.

"Ngoja. Na mimi nina langu. Pale stendi nilikuuliza mara moja. Unajua kwa nini sikuuliza mara ya pili? Niliogopa ukiulizwa mara ya pili utakubali."

Sijasikia mtu akisema jambo gumu kwa maneno machache kama hayo. Angeweza kunilaumu mimi peke yangu, na angekuwa na haki. Badala yake aliutoa moyo wake akauweka mezani kando ya lile boksi. Kisha akatoa kalamu ya bluu mfukoni, akachukua kitabu cha kwanza, na chini ya jina lake akaandika: *na Doto.*

"Acha bwana," nikamwambia, "utaharibu vitabu."

"Unaona? Unaanza tena!"

Basi nikanyamaza. Nikamwacha aandike. Nilikaa kwenye kiti changu nikamtazama mtu akiandika jina langu kitabu baada ya kitabu, na nikajifunza kwamba kupokea nako ni kazi, kunahitaji mgongo mnyoofu. Alipomaliza boksi aliniuliza kama nina chai. Tulikunywa chai. Kisha, Jumamosi zilizofuata, alipanda baiskeli kwenda shule moja moja alikokuwa amepeleka nakala, akaomba kila kitabu, akaandika. Mwalimu mkuu mmoja alimkuta akifanya hivyo ofisini akafoka, "Mwalimu mzima unachorachora vitabu vya shule?" Rajabu akamjibu, "Sichori, mzee. Nasahihisha."

Kitabu hakikuchapwa tena. Nakala zenye jina langu duniani ni zile tu zilizopitiwa na mkono wake. Sijawahi kutamani ziwe vinginevyo. Jina langu lingechapwa na mashine, ningelisoma mara moja na kulisahau. Hili liliandikwa na rafiki, na kila nikilitazama namwona ameinama mezani, ulimi umetoka pembeni ya mdomo, akisahihisha. Ndiyo maana nilikwambia kimesafishwa. Na ndiyo maana Baba Zulfa akija hapa akasema ugali ni mgumu, mimi namwongezea mchuzi na kumshukuru moyoni: wabeja, ndugu yangu. Wabeja sana.

Kuhusu jogoo. Rajabu, akiwa na kalamu bado mkononi, alisema tumwandike na Kabula, mama yako. Alikwenda kumuuliza, na safari hii aliuliza kisukuma. Mara ya kwanza mama yako akakataa. Mara ya pili akakataa. Mara ya tatu mama yako akacheka, akasema, "Shemeji, mimi nilisimulia habari ya jogoo. Kitabu mmekitunga nyinyi. Nikitaka kitabu nitaandika changu. Mkitaka kushukuru, mshukuruni jogoo." Basi ndani ya jalada la nyuma, ukitazama vizuri, utakuta mwandiko ule ule: *Jogoo alikuwa wa bibi yake Kabula.* Hapana iliyoulizwa mara tatu na bado ikasimama, hiyo ni hapana. Iheshimu. Na utaona kwamba kugawana kwa haki hakumaanishi kila aliyepita njiani awe kwenye jalada. Kuna anayekupa jogoo, unamshukuru kwa jina. Kuna anayejenga nyumba pamoja nawe, huyo unaandika jina lake mlangoni. Ugumu ni kuwatofautisha, na wa kuwatofautisha si wewe peke yako.

Sasa nimefika.

Jumapili iliyopita wewe na Zulfa mlikuwa uani mkibangua karanga. Mimi nilikuwa sebuleni, dirisha liko wazi, na unajua masikio ya mwalimu hayastaafu. Ulikuwa ukimweleza kwamba yule mhariri wa Dar es Salaam unayempelekea mswada wenu amesema kwenye simu kitabu chenye jina moja huuzika vizuri zaidi. Nilisikia maganda ya karanga yakidondoka kwenye ungo. Kisha Zulfa akasema:

"Weka lako tu, Limi. Mimi si nilikuwa napiga stori tu?"

"Una uhakika?"

"Kabisa, shoga yangu."

"Haya," ukasema, "basi."

Nilikaribia kuangusha kikombe. Nilitaka kutoka nje pale pale, nikajizuia, kwa sababu mtu mzima akiingilia mazungumzo ya uani, vijana hugeuka kuwa watu wengine. Lakini juzi uliporudi kutoka steshenari na mswada wenu umefungwa vizuri, ukaniachia mezani nione, ukurasa wa kwanza ulisema: *Kimetungwa na Limi.* Palikuwa na nafasi nyeupe kubwa chini yake. Nimeifikiria nafasi hiyo tangu juzi.

Sikulaumu, mwanangu. Hujaiba. Uliuliza ukajibiwa. Baba Zulfa naye aliuliza akajibiwa. Nakwambia tu nilichokisikia, kwa sababu mimi nimekaa ndani ya lile "weka lako tu" na ninajua lina vyumba vingapi. Zulfa ni mtoto wa Rajabu, lakini amelelewa nusu kwenye nyumba hii. Amekula karanga zetu na amejifunza kukataa kama sisi.

Na tena nimekisikia kitabu kikitungwa. Ulipokuwa ukiosha vyombo simu yako ilikuwa ikiongea kwa sauti ya Zulfa kutoka Nyahanga, akiwa ndiye yule Bi Karai wenu, mama anayeuza uji machimboni, akimfokea dalali wa dhahabu aliyekataa kupanga foleni: "Kwangu hapa hata mwenye jiwe kubwa anasubiri kikombe!" Ulisimama na povu mikononi, unacheka, kisha ukakimbilia kuandika. Usiku ule ule ukamhamisha Bi Karai kutoka sura ya mwisho ukamleta mwanzoni, na kitabu kizima kikasimama. Hiyo ilikuwa kazi yako, na ilikuwa kazi ya kweli. Bila wewe Bi Karai angekuwa bado anaongea hewani. Bila Zulfa ungekuwa na sura zilizopangwa vizuri zisizo na mtu ndani. Yeye hakukupa jogoo, Limi. Mlijenga nyumba.

Yule mhariri huenda anasema kweli kuhusu soko. Mimi soko silijui. Ninachojua ni sarufi kidogo, na naomba univumilie nifundishe mara ya mwisho ukiwa chini ya paa langu.

Tunaposema "kimetungwa na Limi", ile "na" inamtaja mtenda. Tunaposema "Limi na Zulfa", ile "na" inaunganisha. Ni neno lile lile. Lugha ingeweza kuweka maneno mawili tofauti, lakini wazee waliotuachia Kiswahili walitosheka na moja, na kazi ya kwanza ikikaribia kumfanya mtu ajione peke yake, ya pili iko tayari pembeni inasubiri. Halafu kuna ya tatu. Tukitaka kusema mtu anacho kitu, twasema "ana". Yuko na. Mwenye ng'ombe yuko pamoja na ng'ombe, mwenye kitabu yuko pamoja na kitabu. Katika maneno ya kila siku hatushiki vitu, tunakuwa navyo, na mwisho wa siku tunakuwa na watu. Kitabu cha kijani kilinipa sifa ndogo sana. Kilichonipa hasa ni kwamba mpaka leo nina Rajabu.

Kwa hiyo kesho asubuhi, Zulfa akiwa bado hapa anakunywa uji, muulize mara ya pili. Usimuulize kwa kuzunguka. Kama ndani yako kuna sauti inayoogopa kwamba atakubali, na hiyo usiifiche, mwambie. Baba yake aliniambia yake na ndiyo iliyoniponya. Akikataa, muulize ya tatu. Akikataa na hiyo, nitajua kwamba nimekosea na nitanyamaza. Lakini sidhani.

Na siku moja, huko uendako, wewe ndiye utakayekuwa Zulfa. Mtu atachungulia dirishani haraka haraka akuulize jina lako liwekwe vipi. Siku hiyo usiwe Doto. Usiseme ulikuwa unaandikaandika tu. Sema, "Ndiyo, weka na langu," na usione aibu. Utakuwa umemwepusha mwenzako na kazi ya kuzunguka na baiskeli.

Nilitaka kumalizia hapo. Mama yako amekuja tena, safari hii amevuta kiti, amesoma yote tangu mwanzo huku akifuta mikono kwenye kanga. Amesahihisha sehemu mbili. Lile jibu la "kwa sababu ulimtii" nilikuwa nimeliandika kwa maneno marefu ya kwangu, yeye ndiye aliyenirudishia alivyolisema. Na amenikumbusha ulimi wa Rajabu pembeni ya mdomo, ambao mimi nilikuwa nimeusahau.

Nikamwambia, "Mama Limi, mwisho wa barua niweke na jina lako?"

"Weka lako tu," akasema. "Mimi nimepita tu."

Akanyanyuka aende jikoni. Nikamuuliza mara ya pili.

Amesimama mlangoni, kisha amerudi na kukaa.

"Lete hiyo kalamu," amesema.

Imeandikwa na baba yako, Doto,

*na mama yako, Kabula. Jogoo alikuwa wa bibi yangu.*